Jinsi ya kuandika ujumbe wa grupu usiorudishiwa maswali

Kipimo changu cha ujumbe mzuri ni kimoja: ukishautuma, maswali mangapi yanarudi? Umeandika kwenye grupu la majirani, la wazazi wa madrasa au la chama, na mara yanaanza kumiminika: "Saa ngapi?" "Wapi hasa?" "Ni sote ama wenye nyumba peke yao?" Hapo ujumbe haujafika, hata kama simu inaonyesha umefunguliwa na kila mtu. Kila swali linalorudi linakuonyesha jambo uliloliacha kichwani ukidhani limo kwenye maandishi.

Mimi ni katibu wa kamati ya wakaazi huku Kisauni, Mombasa. Ninayoyaandikia ni mambo ya kila siku: maji, taka, ulinzi, michango, misiba. Mambo haya yana uzito wake. Mtu akielewa vibaya tangazo la maji, anaamka asubuhi na mitungi mitupu na watoto wanaotakiwa shuleni. Kwa hiyo naomba tulichukulie suala la kuandika kwa uzito huohuo.

Kabla ya hatua yoyote, mfikirie msomaji wako alivyo. Yumo ndani ya matatu darajani Nyali, jua linapiga kioo cha simu. Ama anauza ndizi Kongowea na anasoma mstari mmoja mmoja kati ya mteja na mteja. Ama ni mzee wa Mji wa Kale ambaye miwani yake imebaki nyumbani, anamwambia mjukuu, "Hebu nisomee hapa." Huyo ndiye unayemwandikia. Hana nafasi ya kusoma mara mbili.

Huu hapa ujumbe wa mfano. Nimeutunga, lakini yeyote aliye kwenye grupu la mtaa ameshauona ndugu yake:

"Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh ndugu zangu wapendwa natumai nyote mu wazima wa afya kwanza nachukua fursa hii kuwashukuru kwa ushirikiano wenu mwema siku zote, kama mnavyojua ile maneno ya pampu imekuwa shida tangu wiki iliyopita na fundi alikuja akaangalia akasema itabidi ibadilishwe ama irekebishwe lakini pesa haitoshi kwa hivyo imeonelewa tukutane kesho saa mbili tujadili na pia wale hawajalipa ya mwezi wamalize maana inarudisha nyuma maendeleo na gari ya maji itakuja inshallah ahsanteni"

Tuufanyie kazi hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Jua unataka msomaji afanye nini

Usianze kuandika kabla hujaweza kumalizia sentensi hii: "Akishasoma, nataka a..." Nataka aje mkutanoni. Nataka alipe. Nataka anijibu swali. Nataka ajue tu, asifanye lolote. Ukishindwa kuimalizia, bado hujawa tayari kuandika. Ukiimalizia mara tatu kwa mambo matatu, una jumbe tatu mkononi, na kila mmoja utumwe peke yake.

Ujumbe wetu wa mfano una mambo manne: pampu imeharibika, kuna mkutano, kuna madeni ya mwezi, na kuna gari la maji. Anayedaiwa atasoma habari ya madeni, achukie, aache mengine. Aliyeishiwa maji atatafuta habari ya gari na asione saa. Gari la maji linaweza kukaa pamoja na pampu kwa sababu moja ndiyo iliyosababisha nyingine. Madeni yatoke, yaandikiwe siku yao.

Hatua ya 2: Salimu, kisha sema jambo papo hapo

Wako wanaoshauri tuache salamu kabisa kwenye matangazo. Sikubaliani nao. Hapa kwetu mtu akiingia barazani bila salamu hata maneno yake mazuri hupokelewa vibaya, na grupu ni baraza. Lakini salamu ni mstari mmoja: "Assalaam alaykum majirani", au "Hamjambo wazazi", kisha mstari mpya. Dua ndefu, shukrani za ushirikiano, "nachukua fursa hii" na "kama mnavyojua" viondoke. Kama wanajua, hakuna haja ya kuwaambia. Na kama hawajui, huo mstari hauwasaidii.

Kuna sababu ya kiufundi pia. WhatsApp hukata ujumbe mrefu na kuuficha nyuma ya maneno ya kusoma zaidi, na wengi hawayabonyezi. Jambo lako likianza baada ya mistari mingi ya salamu, kuna watu watakaoishia kwenye salamu. Mstari wa pili wa ujumbe ubebe kiini chote: nini, lini, wapi. Uweke kati ya nyota mbili, moja mwanzoni na moja mwishoni, nao utatokea kwa herufi nene. Mstari huo tu. Ukinenepesha kila kitu, hakuna kinachoonekana. Na ujumbe mzima kwa herufi kubwa husomeka kama mtu anayefoka.

Kwenye SMS za kawaida, ambazo shule na misikiti mingi bado hutumia kwa wazazi wasio na intaneti, nafasi ni finyu zaidi. SMS moja hubeba herufi 160, nafasi tupu zikiwemo. Ukiingiza kikatuni kimoja cha uso unaocheka, kiwango kinashuka hadi herufi 70, na ujumbe mmoja unalipiwa kama miwili au mitatu. Hata kibainishi cha "ng'" kikiwa cha kupinda, kama simu nyingine zinavyokiandika zenyewe, kinaleta hasara ileile. Tumia kile kilichonyooka.

Hatua ya 3: Siku, saa na mahali visibaki na utata

Hapa ndipo maswali mengi huzaliwa, na hapa Mombasa tuna sababu zetu za pekee.

Tuanze na "kesho". Ujumbe ulioandikwa saa 5 usiku husomwa na wengi asubuhi yake, na kwao kesho imeshasogea mbele. Tena ujumbe husafiri: mtu anauhamishia grupu jingine siku mbili baadaye, neno "leo" bado limo ndani, na watu wanafika kwenye jambo lililopita. Andika jina la siku na tarehe, vyote viwili: Jumamosi tarehe 14. Ukikosea kimoja, msomaji ataona havilingani na atauliza kabla hajapotea njia.

Kisha saa. "Saa 2" peke yake ni mtego. Bibi yangu angeisikia kama saa mbili, asubuhi au usiku kulingana na mazungumzo. Kijana aliyezoea saa ya simu anaweza kuiona mchana, akafikiria saa 8 yetu. Andika sehemu ya siku kila mara: saa 2 asubuhi, saa 2 usiku. Kama grupu lina watu wa kila namna, ongeza saa ya simu pembeni: saa 2 usiku (20:00). Ukitumia swala kama alama ya wakati, weka saa pia. Kwetu jua huzama karibu wakati uleule mwaka mzima, tofauti yake ni kama nusu saa tu, kwa hiyo "baada ya Magharibi" inaeleweka vyema kwa anayeswali. Jirani asiye Muislamu hana haja ya kukisia.

Na usiku wa Ijumaa! Kwa mwenyeji wa pwani usiku wa Ijumaa ni ule unaoingia Alhamisi jua likizama, kwa kuwa siku yetu huanza na Magharibi. Kwa jirani aliyetoka Machakos au Kisumu, ni Ijumaa yenyewe, baada ya chakula cha usiku. Wote wawili wako sawa, na wote wawili hawatakutana. Andika hivi: "Alhamisi tarehe 12, usiku wa kuamkia Ijumaa, saa 3."

Mahali nako kuna mitego yake. "Tukutane feri" maana yake nini? Kuna feri upande wa kisiwani na feri upande wa Likoni, na kati yao pana maji na foleni. "Majengo" ni kisiwani, na Majengo Mapya ni Likoni. "Sokoni" kwa mtu wa Mji wa Kale ni Marikiti, kwa mtu wa Kisauni ni Kongowea. Nyumba zetu nyingi hazina namba zinazojulikana, kwa hiyo maelekezo lazima yaanze pale matatu inaposhusha, yaseme upande, kisha alama isiyohama. Kwenye barabara ya Malindi, "upande wa bahari" na "upande wa bara" hueleweka na kila mtu na havibadiliki hata ukiwa unatoka wapi, ilhali kulia na kushoto hubadilika kulingana na gari unalolipanda. Usitumie kibanda cha mbao cha viazi karai kama alama. Kinaweza kuondolewa usiku mmoja.

Hatua ya 4: Kila sentensi imtaje mwenye tendo

Lugha yetu ina hazina kubwa ya kuleta uwazi, na tunaitupa kila siku tukiandika kwenye simu.

Tazama sentensi hii: "Fundi amekagua pampu na tangi, anasema imepasuka." Kilichopasuka ni nini? Kama aliyeandika anafuata ngeli, ni pampu, kwa kuwa tangi lingekuwa "limepasuka". Lakini kwa vile wengi wetu tumezoea kuweka "i" kila mahali, "tangi imejaa, gari imekuja, bomba imeziba", msomaji hawezi tena kuiamini hiyo "i". Anabaki kuuliza. Ngeli sahihi inaokoa swali zima kwa silabi moja. Nawaomba tusiione kama adabu ya darasani tu. Andika "tangi limepasuka", "gari limefika", "mtungi umevuja", na sentensi yako itajisimamia.

Vitu viwili vikiwa vya ngeli moja, hata upatanisho hauwezi kukusaidia. "Pampu imeletwa pamoja na mota lakini haifanyi kazi." Ipi haifanyi? Rudia jina: "lakini mota haifanyi kazi." Vivyo hivyo kwa watu. "Mwenyekiti alimwambia mweka hazina kwamba hakupokea risiti." Nani hakupokea? Shuleni tulifundishwa kutorudia neno kwenye insha. Kwenye tangazo rudia bila wasiwasi: "Mwenyekiti alimwambia mweka hazina kwamba yeye mwenyekiti hakupokea risiti." Sentensi haina urembo, lakini hakuna atakayegombana kwa sababu yake.

Kuna herufi moja ninayoichunga kuliko zote, nayo ni "h". "Fundi atakuja kesho" na "Fundi hatakuja kesho" zimetenganishwa na herufi hiyo tu, na moja inapindua nyingine kabisa. Wako wanaoidondosha wakiandika haraka, na wako wanaoiongeza pasipohitajika kwa kuwa ndivyo wanavyotamka. "Mjalipa" huenda ikawa "hamjalipa" iliyokatika kichwa. Siku hizi nikiandika jambo la kukanusha, silitegemezi kwenye herufi moja. Nalisema kwa njia mbili ndani ya sentensi moja: "Kesho Ijumaa fundi hatakuja, atakuja Jumatatu." Au: "Kesho hakuna maji ya mfereji, jazeni mitungi leo." Hata kidole kikiteleza, maana inabaki.

Ukishamaliza hapo, saka vitenzi vinavyomficha mtu. "Imeonelewa tukutane." Imeonelewa na nani? "Pesa zimetumika." Nani alizitoa, kwa idhini ya nani? Mnyambuliko wa kutendwa au wa kutendeka una kazi yake, lakini kwenye mambo ya pamoja huzaa shaka haraka sana. "Kamati imekaa jana na kuamua." "Mweka hazina amemlipa fundi Sh 3,000." Watu wakiona jina la mwenye tendo, hata wasipokubali, wanajua wamuulize nani.

Kuhusu lahaja na vifupisho sitakaa sana. Kimvita chetu, lahaja ya Mombasa, ni kitamu na sioni sababu ya mtu kukionea haya. Kwenye utani, pongezi na pole kiandikeni mpaka kijae. Lakini tangazo la pesa au la saa liandikwe kwa Kiswahili cha wote. Mkutano wa 1928 uliofanyika papa hapa Mombasa ndio uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na faida yake ni kwamba jirani kutoka Kitui alikisoma shuleni kama alivyokisoma wa Kibokoni. Na "xaxa", "cjui", "nko" mzee hawezi kuvisoma, wala mjukuu hatavisoma kwa sauti bila kukwama.

Hatua ya 5: Pesa ziwe tarakimu, na namba iende peke yake

Andika Sh 2,500. Usiandike "elfu mbili mia tano", wala "ngiri mbili na nusu". Sema ni kwa nani (kila mlango, kila mtu mzima, kila mwanachama), mwisho lini, na kama kuna wasiohusika.

Namba ya kulipia itume kwenye ujumbe wa pili ulio na namba hiyo tu, bila neno jingine, mtu aibonyeze, ainakili, aibandike. Ukiichomeka katikati ya aya, msomaji anaibeba kichwani tarakimu tatu tatu, na siku moja pesa zitaenda kwa mtu asiyejulikana. Kwenye ujumbe wa kwanza andika jina ambalo M-Pesa italionyesha kabla hajathibitisha, ajue anapaswa kuona nini. Hiyo pia ni kinga dhidi ya matapeli wanaoingia kwenye magrupu na kubandika namba zao.

Majina ya wanaodaiwa usiyaweke hadharani. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inayolinda taarifa binafsi za mtu, lakini hata tusipofika huko, jirani aliyeaibishwa mbele ya watoto wake hatalipa haraka zaidi. Mfuate kwa ujumbe wa faragha.

Sasa tuutazame ujumbe wetu baada ya hatua hizi:

"Assalaam alaykum majirani.

*MKUTANO WA PAMPU: Jumamosi tarehe 14, saa 2 usiku (20:00), baada ya Isha, barazani chini ya jengo C.*

Mota ya pampu ya kisima imeungua. Fundi ameifungua leo Alhamisi asubuhi na ametupa njia mbili:
1. Kuisuka upya: Sh 14,000, kazi ya siku 3.
2. Kununua mota mpya: Sh 46,000, kazi ya siku 1.
Sanduku la kamati lina Sh 19,500.

Jumamosi tutaamua njia moja. Kila mlango una kura moja, awe mwenye nyumba au mpangaji. Asiyeweza kufika amwandikie katibu '1' au '2' kabla ya Jumamosi saa 12 jioni.

Mpaka pampu itengenezwe, gari la maji litajaza tangi kila siku saa 1 asubuhi, kuanzia kesho Ijumaa tarehe 13."

Ni mrefu kidogo kuliko ule wa kwanza ukihesabu mistari, na unasomeka kwa nusu ya muda. Angalia "kesho Ijumaa tarehe 13": neno kesho limebaki kwa kuwa tarehe inalilinda. Angalia pia kwamba bei zote mbili na salio viko mahali pamoja. Bila salio, mazungumzo ya mkutano yangeanza na swali la pesa ziko wapi, na saa nzima ingeishia hapo.

Tanzia ina utaratibu wake

Naliweka hili peke yake kwa sababu hapa muda hautoshi kuulizana. Maziko ya Waislamu kwa kawaida hufanywa siku ileile, na kati ya tangazo na kaburi huenda zikapita saa chache tu. Mtu yuko Miritini, anahitaji kuondoka kazini, kupita Changamwe na kuvuka Makupa. Ujumbe wa "Innalillahi wa inna ilayhi rajiun, tumempoteza mama yetu mpendwa" unampa huzuni bila kumpa njia.

Baada ya Innalillahi, mstari unaofuata ubebe haya kwa mpangilio: jina la marehemu, kisha ni nani wa nani, maana wengi wanamjua kama mamake fulani wala hawajawahi kusikia jina lake rasmi, msiba uko nyumba gani, jeneza linatoka saa ngapi, swala msikiti gani na baada ya swala ipi, makaburi yapi, kwa mfano Kikowani, na siku na tarehe. Sifa za marehemu na dua zifuate chini, ziwe ndefu upendavyo. Kama msikiti bado haujaamuliwa, andika "msikiti tutauarifu kabla ya saa 6 mchana" ili watu wasipige simu kwa wafiwa. Waliofiwa wasibebeshwe kazi ya kujibu maswali ambayo mwandishi angeyajibu kwa mstari mmoja.

Hatua ya 6: Ukiuliza, toa vya kukujibia

"Jamani maji yamekatika?" Swali hili litaletewa majibu ya "huku yako", "huku hayako", na mwisho wake hujui lolote. Anayeuliza ndiye mwenye kazi kubwa kuliko anayejibu. Sema uko wapi, tangu lini, umeona nini na umejaribu nini: "Jengo C, ghorofa ya 2. Tangu jana Jumatano saa 3 usiku mfereji wa jikoni hautoi maji, wa choo unatoa. Tangi nimelichungulia, limejaa. Kuna mwenye shida hii kwenye ghorofa ya 2?" Fundi akiusoma huo ujumbe, ameshajua kuwa pampu haina hatia na kwamba aanze na bomba la kuelekea jikoni. Ameokoa safari, nawe umeokoa pesa.

Picha husaidia: mita, bomba lililopasuka, karatasi ya bili. Lakini chini ya picha andika inaonyesha nini. Maneno yaliyo ndani ya picha hayatafutiki baadaye, na kwa simu yenye kioo kibovu hayasomeki. Sauti vilevile. Nawapenda wazee wanaotuma sauti, na wasiosoma wana haki ya kusikia. Ila kwa jambo la tarehe na pesa, mtu mmoja aandike muhtasari chini yake.

Hatua ya 7: Ukijibu, onyesha unamjibu nani na nini

Kwenye grupu lenye mazungumzo matatu kwa wakati mmoja, "ndiyo, sawa kabisa" haina maana. Shika ujumbe unaoujibu, uubebe juu ya jibu lako, simu inakuruhusu. Kama unapinga, anza kwa kusema ulivyomwelewa mwenzako: "Nimekuelewa kwamba unataka tununue mota mpya ili tusisubiri siku 3. Naona tuisuke, kwa sababu sanduku lina Sh 19,500 tu." Mara nyingi utagundua hamkuwa mnapingana. Ukimrekebisha aliyekuzidi umri, mwite kwa cheo chake, shekhe, mzee, mama, na kama kosa ni dogo mwendee faraghani.

Majibu ya "waalaykum salaam", "amin" na "shukran" hamsini mfululizo huzika tangazo lenyewe. Kwenye mstari wa mwisho waombe watu wabonyeze dole gumba juu ya ujumbe. Hakuna atakayeona amekosewa adabu akiombwa kwa upole.

Hatua ya 8: Soma kwa sauti, tuma, kisha bakia nao

Kabla ya kutuma, soma kwa sauti kama yule mjukuu anayemsomea babu. Washairi wa mji huu walilijua jambo hili zamani: mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, umekatwa katikati, 8 na 8, na pumzi ya msomaji inapata pa kutua. Muyaka bin Haji wa Mvita aliwapigia watu siasa na masengenyo ndani ya mikato hiyo, na watu waliyabeba mashairi yake vichwani. Wewe huandiki shairi, ila pumzi ni ileile. Ukiishiwa nayo kabla ya kufika kwenye nukta, ikate sentensi. Mahali pa "na" ya tatu pana nukta iliyosahaulika.

Kisha mpe mtu mmoja asiyejua habari hiyo ausome, akuambie ameelewa afanye nini. Usimsaidie.

Ukishatuma, WhatsApp inakupa dakika 15 za kurekebisha ujumbe. Tumia dakika hizo kuangalia swali la kwanza litakaloingia, maana likiulizwa na mmoja, wengi wanalo kimoyomoyo. Rekebisha ujumbe wenyewe badala ya kumjibu yule mmoja. Muda ukipita, tuma upya tangazo zima na juu yake uandike kilichobadilika: "MABADILIKO: saa, imekuwa saa 3 usiku badala ya saa 2." Usitume "samahani ni saa 3" peke yake, kuna atakayeusoma huo bila kuuona wa kwanza.

Na jambo likimalizika, andika lilivyomalizika, kwenye grupu lilelile: "Mota imesukwa na kurudishwa leo Jumatano tarehe 18. Pampu imewashwa saa 11 jioni, tangi limejaa. Fundi amelipwa Sh 14,000 na mweka hazina, sanduku limebaki na Sh 5,500. Gari la maji halitakuja tena kuanzia kesho Alhamisi, tumieni mfereji."